Karani wa Mizani

Mchana napima korosho ghala la ushirika, Newala.
Gunia, ndoano, mshale unatetema. Nangoja utulie, naandika.
Naijua kilo iliyolowekwa usiku ili iwe nzito.
Naijua kangomba, kopo lililogongwa kitako likatuna,
likameza konzi mbili za mkulima bila asante.

Jumamosi usiku, ghala lilelile, taa ya chaji,
magunia matupu tumeyafanya mkeka, wachezaji wanne,
na mimi msimulizi.
Nawaambia: mmefika ukingoni, chini kabisa mto,
na joka limeimeza barabara. Mnafanya nini?
Nao wanarusha madadu sita ya mpingo
aliyoyachonga Dastani kwa masalio ya kinyago.

Tatizo lilianza na Likowe.
Alikuja na karatasi imejaa pande zote mbili:
Mwana wa Radi. Ngurumo tatu kwa zamu moja.
Ngozi isiyopenywa na mkuki. Tena mabawa,
kwa kuwa kanuni tulizoandika hazikusema hapana.
Niliisoma mara mbili. Kila kitu halali.
Kangomba nayo huanza hivyo: kopo si ni kopo?

Joka lilikufa Somoe hajaokota dadu lake.
Jumamosi ya pili, jitu la Kitangari, vivyo hivyo.
Nikaongeza majitu. Akaongeza ngurumo.
Nikayavika majitu ngozi ya chuma,
na mkuki wa Dastani ukawa kijiti cha kuchokolea meno.
Valeria akaanza kutazama simu.
Somoe akawa anatukaangia korosho,
mgeni ndani ya hadithi yake mwenyewe.

Nikachukua kalamu nyekundu. Ngurumo tatu: moja.
Mabawa: futa.
Kwa mkono uleule unaokata kilo mbili za unyevu.

Jumatatu nikamwona Likowe kati ya vibarua.
Magunia yamo mabegani mwa wenzake;
yeye, kwa mguu uliopooza utotoni,
anafagia maganda, analipwa nusu.
Hakuniona.
Karatasi yenye wekundu ilikuwa mfukoni mwangu.

Siku tatu sikuitoa.
Alhamisi bomba likakauka, kama ada yetu huku juu,
dumu likapanda bei, na Somoe akapita dirishani
na mawili, moja kichwani, moja mkononi, hata tone halimwagiki.
Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikaandika:

*Radi si ya peke yake, hailii bila maji,*
*kila ngurumo itoke kwa dumu la mbebamaji,*
*likiisha asicheke, asubiri mnyweshaji,*

Mstari wa nne ulikataa kutimia mizani. Nikauacha wazi.

Jumamosi nikamrudishia Likowe ngurumo zote tatu,
na mabawa yake.
Somoe nikampa madumu manne.
"Madumu tu?"
Madumu tu.

Pangoni likatoka joka, mama wa lile la kwanza.
Likowe akainuka, kashika ukuta: "Ngurumo!"
Kimya. Ghala zima likamgeukia Somoe.
Akahesabu maji yaliyobaki. Akauliza nyuma ya joka kuna nini.
Watoto wake, nikasema, ndimi nje, tangu barabara ikauke.
(Hilo nililitunga papo hapo, sina pa kujificha.)
"Basi sikupi," akamwambia Likowe. "Nawanywesha hawa."

Valeria akaweka simu chini.
Likowe alifungua mdomo, akaufunga,
kisha akakaa, akaniuliza taratibu
kama mabawa yanaweza kuwa kivuli.
Rusha, nikamwambia. Akarusha
kama mtu asiyejua litaangukia wapi.

Saa tano tukafunga. Nikakusanya madadu.
Moja kati ya sita huangukia nne karibu kila mara,
mpingo wake ni mzito upande mmoja.
Nimelijua tangu wiki ya kwanza, ndiyo kazi yangu.
Dastani sijamwambia.
Kila Jumamosi naliweka juu ya mengine,
halafu nasogeza kibakuli
kwa yule aliyeingia na uso wa wiki mbaya.